Jinsi ya kupima hatua za ukuaji wa mtoto ukiwa nyumbani

Hesabu umri kwanza. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti, na umri wa kumpimia si ule wa cheti cha kuzaliwa. Chukua wiki 40, toa wiki alizozaliwa nazo, kisha jibu hilo lipunguze kwenye umri wake wa leo. Aliyezaliwa wiki ya 32 amewahi kwa wiki 8. Akifikisha miezi 6, mpime kama mtoto wa miezi 4 na siku kadhaa. Fanya hivyo mpaka atimize miaka 2. Chanjo haziingii kwenye hesabu hii, hizo hufuata tarehe ya kuzaliwa.

Halafu sahau habari ya mtoto wa jirani. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vya watoto wenye afya njema kutoka Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kukaa bila kushikiliwa kulitokea kati ya miezi 3.8 na 9.2, kusimama bila kushika kitu kati ya 6.9 na 16.9, kutembea peke yake kati ya 8.2 na 17.6. Kwa hiyo anayetembea akiwa na miezi 9 na anayesimama dede akiwa na miezi 14 wote wako salama. Kutambaa ndiko kusikokosesha usingizi: watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Wengine hujiburuza kwa makalio, kisha siku moja wanainuka na kutembea.

Pima mtoto akiwa ameshiba, ameamka vizuri na hana homa. Mvue nguo nzito, muweke kwenye mkeka au blanketi juu ya sakafu. Kitandani hapafai, kwa sababu godoro linabonyea na mtoto anayekaa vizuri ataonekana anayumba. Asipofanya leo, rudia siku nyingine mbili tatu kabla ya kuandika kwamba hawezi. Na jambo alilolifanya mara moja kwa bahati bado si hatua; subiri alirudie.

Shingo hupimwa karibu na miezi 4. Mlaze chali, mshike vigasha vyote viwili, mvute polepole mpaka akae huku ukitazama kichwa. Mtoto wa wiki chache kichwa hubaki nyuma kama kimesahauliwa. Wa miezi 4 kichwa huja pamoja na kiwiliwili. Usimvute kwa mkono mmoja, kiwiko cha mtoto huteguka kirahisi. Shingo ikichelewa, mara nyingi mtoto anashinda mgongoni, mapajani au kwenye kiti, hana nafasi ya kuifanyia kazi. Mlaze kifudifudi akiwa macho na wewe ukiwa hapo, dakika moja au mbili kwa kuanzia, mpaka zifike angalau 30 kwa siku nzima kwa vipande vipande. Akisinzia, mgeuze: usingizi ni chali.

Mikono inasema mengi kuliko miguu, ila wazazi huitazama kidogo. Ngumi zinatakiwa ziwe zimefunguka kufikia miezi 3 hadi 4, kuhamisha kitu mkono hadi mkono huja karibu na miezi 6 au 7, na kudonoa kitu kidogo kwa kidole gumba na cha shahada kati ya miezi 9 na 12. Tumia kipande laini cha chakula, si shanga wala kifungo. Sasa weka kitu anachokipenda upande wa kulia, kisha kushoto, mara tano tano. Akivusha mkono uleule mbele ya kifua kila mara na ule mwingine ukibaki umekunjwa, usifurahie kwamba atakuwa wa mashoto. Kabla ya mwaka 1 mtoto hana mkono anaoupendelea. Dalili hiyo ni ya kumpeleka kwa daktari.

Kusikia ndiko kunakodanganya watu. Mtoto asiyesikia hutoa sauti za mwanzo kama wenzake, hivyo kuguna akiwa na miezi 3 hakuthibitishi kitu. Akiwa na miezi 7 hadi 9, mpakate. Mtu mmoja amshughulishe kwa mbele, mwingine asimame nyuma kwa pembeni, hatua moja kutoka sikioni, aseme jina lake kwa sauti ya chini. Kisha sikio la pili. Kosa la kawaida ni mtoto kugeuka kwa sababu ameona kivuli, amenusa marashi au ameisikia sakafu ikitikisika. Asipogeuka, au akifika miezi 10 bila kurudiarudia silabi kama "bababa" na "dadada", omba kipimo cha masikio.

Kwenye maneno, changanya lugha zote anazosikia nyumbani: maneno 3 ya huku na 4 ya kule ni 7. Kabla hata ya maneno, tazama kidole. Karibu na mwaka 1 hupunga mkono na kunyoosha mikono abebwe. Baadaye kidogo hunyoosha kidole ili nawe utazame ndege anayemwona. Kufikia miaka 2 awe anaunganisha maneno mawili mwenyewe, mfano "taka maji". Kipande cha wimbo alichokariri hakihesabiki.

Kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea kiondoe. Humfundisha kusukuma kwa ncha za vidole, na huporomoka naye kwenye ngazi. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004.

Usisubiri zamu ya kliniki ikiwa mtoto amepoteza jambo alilokuwa akilifanya, katika umri wowote. Vivyo hivyo kama hatabasamii watu akifika miezi 3, shingo haijakaza akifika miezi 5, hakai akifika miezi 9, hatembei au hana neno lolote akifika miezi 18, au mwili umekakamaa kupita kiasi ama umelegea kama kitambaa.

Unapokwenda, chukua kadi yake na video ya nusu dakika, maana mbele ya daktari watoto wengi hulia tu. Badala ya kusema "naona amechelewa", sema "ana miezi 11, mkono wa kushoto haushiki kitu, nimeliona tangu akiwa na miezi 8". Ukiambiwa usubiri, uliza tarehe ya kurudi na kitu gani kitakuwa kimebadilika kufikia siku hiyo, uandike vyote viwili nyuma ya kadi.