Ukitaka kujua draiva inakupunja tekscha, angalia barabara

Juzi kijiweni Sakina vijana wawili nusura wakunjane, mmoja kompyuta yake ina kadi ya picha ya NVIDIA mwingine AMD, kila mtu anasema picha yake ndo kali. Nikawauliza mmeangalia seting za draiva, ile programu inayoiendesha kadi? Kimya. Sasa mnabishania nini.

Fanya hivi. Fungua gemu yenye barabara ndefu, mi natumia ya malori, simama kwenye lami iliyonyooka kama ile ya kuelekea Boma Ng'ombe, uangalie mistari myeupe. Karibu na bampa itakuwa safi tu, shida ni kule mbele, ukiona urefu wa magari matatu mistari ishageuka uji basi anisotropiki, seting inayonoesha vitu vya mbali vinavyoonekana kwa ulalo kama lami, iko chini au imezimwa. Ipandishe 16x, kwa kadi za siku hizi inakula fremu (picha kwa sekunde) kidogo sana, laptop isiyo na kadi yake anza na 4x. Gemu za DirectX 12 (mfumo wa Windows wa kuchora picha za gemu) mara nyingi hazimsikii draiva kwenye hili, weka humohumo ndani ya gemu.

Sasa kuna hii ya kichinichini. Tekscha moja, yaani picha inayobandikwa juu ya kitu kama lami au ukuta, ina nakala kadhaa, kila nakala upana wake nusu ya iliyotangulia, kitu kikiwa mbali kadi inachukua ndogo. Trilinia, njia ya kulainisha tekscha, inatakiwa ichanganye nakala mbili taratibu mpaka usione zinapopokezana, ila draiva mwenye haraka anachanganya pale kwenye mpaka tu, kwingine anaruka. NVIDIA walikamatwa nayo 2003 kwenye GeForce FX, watu wakaibatiza brilinia. Na ATI, waliokuja kununuliwa na AMD, wasijifanye watakatifu, 2001 draiva ya Radeon 8500 ilikuwa inaijua gemu ya Quake III kwa jina la faili, inaipunja tekscha ili spidi ipande, watu wakabadilisha quake ikawa quack, tekscha zikarudi safi na spidi ikashuka hahaha.

Kwa NVIDIA ingia kontroli paneli, seting za 3D, shuka mpaka mstari wa tekscha filtaring wenye neno kwoliti mwishoni, ikija huwa imekaa kwoliti ya kawaida, we weka ile ya juu kabisa. AMD nao wana mstari wao wa tekscha filtaring, itoe standadi uweke High, ile ya juu.

Halafu usipige skrinishoti tu ukatulia, kuna ujanja unaonekana gari likitembea, lami inametameta kama ina chungu wanakimbia. Na picha ukimtumia mtu WhatsApp itume kama dokyumenti, la sivyo inabanwa na utailaumu kadi bure.

Wale wa Sakina tuliwawekea seting sawa, gemu moja, barabara ileile, tukawafumba macho tukahamisha waya za monita. Hakuna aliyeijua yake. Wakahamia kubishania monita.