Jinsi ya kujiandaa na kuomba mtihani wa udereva, kwa wakazi wa Lamu na Malindi

Kijana wa Amu, yaani mji wa Lamu, hukulia kwenye vichochoro vya punda na gati za mashua. Magari kisiwani ni ya kuhesabika. Akiamua kutafuta leseni, mara nyingi huvuka hadi Mokowe, akapanda basi na kwenda kujifunzia Malindi. Mwenzake wa Malindi amekua katikati ya tuktuk na bodaboda, lakini kuzoea kubebwa si kujua kuendesha. Wote wawili nawasihi jambo moja: usilipie mtihani kwa sababu tu masomo yamekwisha. Lipia pale unapoweza kuendesha barabarani bila mwalimu kukugusia usukani, na kueleza kwa mdomo kwa nini umefanya ulivyofanya. Mtahini anapima yote mawili.

Anza na akaunti. Uwe umetimiza miaka 18, uwe na kitambulisho cha taifa na PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), kisha ufungue akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kuingia katika huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Jina lifuate kitambulisho herufi kwa herufi, na namba ya simu iwe yako. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi humwachia kijana wa saiba, au mtu wa shule ya udereva, afungue kwa simu yake mwenyewe. Baadaye msimbo wa kuingia unatumwa kwa simu ya mwingine, na siku ya kuhuisha leseni unaanza kumtafuta mtu ambaye huenda amehamia Mombasa. Akusaidie kuandika, sawa. Simu na nywila zibaki kwako.

Ndani ya akaunti hiyo omba leseni ya muda ya mwanafunzi, ile watu wanayoiita PDL. Lipa kwa M-Pesa kiasi kinachoonyeshwa na mfumo, kisha uichapishe. Bila hiyo usiguse usukani barabarani, hata mwalimu akikwambia ni mwendo mfupi tu. Gari nalo liwe na herufi L mbele na nyuma. Daraja la leseni lifikirie mapema: B1 ni ya gari dogo la otomatiki peke yake, B2 ni ya gari dogo la gia za mkono. Kama miguu yako inaweza kuimudu klachi, chukua B2, maana mwenye B1 haruhusiwi kuendesha gari la gia. Anayetaka kubeba abiria kwa bodaboda au tuktuk anahitaji A3.

Shule iwe imesajiliwa na NTSA. Omba uonyeshwe cheti kabla ya kutoa pesa.

Sasa maandalizi yenyewe. Mtihani huanzia kwenye bodi, ule ubao wa mji wa mfano wenye barabara, mizunguko na maegesho, ambako unasogeza kigari kwa mkono huku ukieleza. Hapa ndipo walio hodari wa usukani huangukia, kwa kuwa walikariri njia bila kuelewa sababu. Chukua mzunguko. Unapokaribia, punguza mwendo na uwapishe walio tayari ndani, wanaokuja kutoka kulia kwako. Ukienda kushoto, shika njia ya kushoto na utoe indiketa ya kushoto. Ukienda kulia, ingia njia ya kulia, na indiketa ya kushoto uitoe unapokaribia kutoka. Jizoeze kuyasema haya kwa sauti mpaka yatoke bila kusita.

Alama za barabarani zina utaratibu wake. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, pembe nane nyekundu inataka usimame kabisa, na pembetatu iliyopinduliwa inataka upishe wengine. Kwa mtu wa Lamu, safari ya basi kutoka Mokowe kupitia Witu na Garsen ni darasa la bure: kaa karibu na dereva, taja kila alama kabla basi halijaifikia.

Barabarani, fanya mazoezi saa zenye msongamano, si alfajiri tu wakati njia ni tupu. Mjini usizidi kilomita 50 kwa saa. Malindi ni tambarare, kwa hivyo wanafunzi wengi hawajawahi kuondoa gari mlimani. Mwambie mwalimu akutafutie mwinuko wowote ujifunze kuondoka kwa hendibreki bila gari kurudi nyuma. Ongeza kuegesha kwa riversi.

Ukiwa tayari, rudi kwenye akaunti yako na uombe tarehe ya mtihani. Utajaza daraja, shule yako, kituo na siku, kisha ulipe na uchapishe fomu. Usikimbilie kituo cha mbali kwa sababu tarehe yake iko karibu: aliyejifunzia Malindi akipelekwa katikati ya magari ya Mombasa anaongeza mzigo asiouhitaji. Anayetoka Lamu afike mji wa mtihani siku moja kabla. Safari ni zaidi ya kilomita 200 ukiacha mashua, na ukilala huko usiku mmoja uchovu unapungua.

Siku yenyewe beba kitambulisho halisi, PDL na fomu ya mtihani, na uvae viatu vya kubana mguu, si kandambili. Ukiingia garini, rekebisha kiti, kisha vioo, kisha mkanda, na geuza kichwa waziwazi kila unapotazama kioo, mtahini aone. Gari likizima, vuta hendibreki, weka gia huru, washa upya. Usiombe radhi mara kumi. Na mtu akikwambia utoe kitu ndipo upite, usitoe. Ukianguka, unaomba upya na kulipa ada ya mtihani tena kupitia akaunti hiyo hiyo.

Ukifaulu, matokeo huingizwa kwenye mfumo, kisha unaomba leseni ya kadi. Ile ya miaka mitatu ni shilingi 3,050. Jua aina yako ya damu mapema, chagua siku ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na uchague kituo cha kuichukulia kilicho karibu nawe.