Kizibo kabla ya kung'arisha jino lililotibiwa mzizi

Jino la mbele lililotibiwa mzizi likibadilika rangi, tunaling'arisha kwa ndani: dawa inawekwa chumbani mwa jino, tundu linazibwa, mgonjwa anaondoka nayo. Kazi yenyewe ni nyepesi. Kinachosahaulika ni kizibo kinachokaa juu ya gutapecha (mpira unaojaza mzizi uliotibiwa), na nimeona gharama yake. Mgonjwa mmoja alinijia miaka kadhaa baada ya kung'arishiwa jino kwingine; lilikuwa jeupe na haliumi, lakini eksirei ilionyesha shimo shingoni, mzizi unaliwa kutoka nje. Hapakuwa na kizibo. Jino tuling'oa.

Dentini, tabaka lililo chini ya enameli, ina mirija midogo. Peroksaidi, kemikali inayong'arisha, hupita humo hadi nje ya mzizi, hasa shingoni, ambako katika jino moja kati ya kumi hivi enameli na sementi ya mzizi hazikutani, dentini imebaki wazi. Madhara haya ya mzizi kuliwa yaliandikwa na Harrington na Natkin mwaka 1979, na tangu hapo hatuna kisingizio.

Hatua ya 1. Piga eksirei. Matibabu ya mzizi yakiwa mabovu, yarudie kwanza.

Hatua ya 2. Pima kabla hujafungua jino. Ingiza probu (kijiti chembamba chenye alama za milimita) ufizini mpaka inapogota, yaani kwenye mshiko wa ufizi, usome umbali wa hapo hadi ncha ya jino, ule ukingo wa kukatia chakula: mbele, kisha pande mbili zinazopakana na meno jirani. Andika namba zote tatu. Tuseme umepata 11 mm mbele na 8 mm pembeni. Tofauti hiyo ya 3 mm ndiyo somo lote la leo, kwa sababu mshiko wa ufizi hupanda pembeni na kizibo lazima kipande nao. Ukikimwaga bapa kama sakafu, mbele pamefunikwa, pembeni pako wazi.

Hatua ya 3. Fungua jino, safisha chumba, toa gutapecha hadi 2 au 3 mm chini ya mpaka wa enameli na sementi, kuelekea mzizini.

Hatua ya 4. Weka kizibo chenye unene usiopungua 2 mm. Uso wake wa juu ufike 1 mm juu ya mshiko wa ufizi, kuelekea ncha. Kwa mfano wetu, ukipima kwa ndani kutoka nchani, mbele usome 10 mm na pembeni 7 mm. Ukikitazama kwa mbele kina umbo la handaki. Kwa ubavuni, mteremko.

Mimi hutumia glasi ionoma, aina ya simenti ya meno, ile ya kawaida au yenye resini. Inashikana na dentini yenyewe, inakauka kwa dakika chache, na kazi ikiisha inabaki palepale chini ya kujazia. Simenti yenye yujenoli naiepuka, maana yujenoli huzuia kompoziti (resini ya kujazia jino) kukauka vizuri.

Hatua ya 5. Kizibo kikishakauka, changanya sodiamu peboreti (unga unaotoa peroksaidi) na maji hadi iwe kama mchanga mbichi, jaza, kausha kwa pamba, ziba kwa simenti ya muda isiyopungua 3 mm. Rudia kila wiki, mara moja hadi nne. Usitumie joto, na haidrojeni peroksaidi ya 30% iache kabatini.

Maswali

*Daktari, gutapecha si inatosha kuzuia?*
Haitoshi hata kidogo. Peroksaidi hupenya pembeni mwake, na mirija ya dentini iliyo juu yake inabaki wazi.

*Je, MTA, ile simenti ya kuzibia mizizi?*
Inaziba vizuri sana, ila huchukua saa kadhaa kukauka, na ile ya kijivu hutia jino weusi. Kwa jino la mbele ni kujirudisha nyuma.

*Jino limeng'aa lakini shingo bado nyeusi. Nifanye nini?*
Huenda kizibo kimepanda mno upande wa mbele. Kipunguze kidogo upande huo tu, urudie peboreti na maji, si dawa kali zaidi. Pande zinazopakana na meno jirani usiziguse.

*Nijaze kompoziti siku hiyohiyo ya kutoa dawa?*
Subiri wiki mbili hivi. Oksijeni iliyobaki kwenye jino hudhoofisha mshiko wa kompoziti. Kisha umwite mgonjwa kila mwaka kwa eksirei, hata kama halalamiki. Yule wangu naye hakuwa na maumivu.