Namna ya Kusoma Makosa katika Sanaa ya Vifaa Mchanganyiko

Mtu anayebandika kanga, magazeti na mchanga juu ya ubao mmoja, kisha akapaka rangi, ataharibu kazi kadhaa kabla ya kupata moja ya kutundika ukutani. Zilizoharibika asizitupe, kwa kuwa kosa huacha alama inayoonyesha lilikotoka.

Kwanza, subiri kazi ikauke. Karatasi iliyolowa gundi huvimba na kufanya mikunjo, na sehemu ya mikunjo hiyo hujivuta yenyewe. Ukiisugua ingali mbichi, utaichana tu. Kesho yake, ishike karibu na dirisha ili mwanga uipige kwa ubavu. Palipo na viputo, gundi haikufika. Kadibodi ikiwa imepinda, upande mmoja umevutwa na gundi, kwa hiyo kadibodi nyingine ipake pande zote mbili.

Makosa ya rangi yanahitaji uangalifu zaidi. Niliwahi kupaka akriliki nyeupe, yaani rangi inayochanganywa na maji, juu ya ubao wa zamani uliokuwa na rangi ya mafuta ya bluu, ile inayong'aa waliyoizoea wachoraji wa mtindo wa Tingatinga jijini Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Baada ya siku chache niliigusa kwa ukucha, ikabanduka kipande kizima kama ganda la kitunguu, na nilipokigeuza sikuona hata doa moja la bluu. Usafi huo ulinipa jibu: tabaka mbili hazikushikana kabisa, kwa sababu rangi ya maji haishiki vyema juu ya mafuta. Kama kipande kingetoka pamoja na bluu, kosa lingekuwa chini zaidi, pengine vumbi au grisi kwenye ubao wenyewe. Akriliki ikitangulia na kukauka barabara, rangi ya mafuta inaweza kupakwa juu yake. Ukiona nyufa, shuku kwanza kwamba tabaka la juu lilikauka kabla ya la chini.

Kanga mpya huchuja. Bana kipande chake ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa, na kikitoa rangi, iloweke na kuifua mpaka maji yatoke meupe. Wapo wanaoipenda rangi ile iliyochuja, nami siwalaumu, ila wajue jinsi ya kuipata tena wanapoitaka.

Ukishakisia chanzo, kijaribu. Kata vipande vinne vya kadibodi ileile, na katika kila kimoja badilisha jambo moja tu: kimoja gundi ya mbao tupu, cha pili gundi na maji nusu kwa nusu, cha tatu maji yazidi, na cha nne gundi tupu kikandamizwe kwa vitabu usiku kucha. Nyuma ya kila kipande andika tarehe, kipimo, saa za kukausha na hali ya hewa, maana gundi iliyokauka kiangazi kwa saa chache huenda ikahitaji siku nzima wakati wa masika. Tumia penseli, kwa kuwa wino hupenya kadibodi iliyolowa na kutokea upande wa mbele.