Sehemu ya mbele ya Kombi ya zamani: tafuta kinachocheza kabla ya kununua kifaa

Kombi ya zamani ya Volkswagen haina springi za koili mbele. Ina bimu yenye mirija miwili, mmoja juu ya mwingine, na ndani ya kila mrija limelala rundo la fito bapa za chuma zinazojisokota kila gurudumu linapopanda. Ncha za fito hizo zimeshikwa na mikono, miwili kila upande, na katikati ya mrija zimebanwa na skrubu isiyo na kichwa yenye nati ya kufungia. Karibu kazi yote inafanyika nyumbani. Kinachokupeleka gereji ni presi tu (mashine ya kushindilia na kutoa vipande), na mwishoni kupima magurudumu.

Jua kwanza una aina gani. Za Ujerumani zilizoanza kutoka Agosti 1967 zina boljointi (kiungo chenye tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe). Za kabla ya hapo, tangu 1950, zina kingi pini (pini nene ya wima ambayo gurudumu hugeukia). Mwaka peke yake hautoshi, maana Brazil iliendelea kuunda ile ya zamani hadi 1975. Chungulia nyuma ya gurudumu ujionee mwenyewe.

Weka kabari magurudumu ya nyuma, inua mbele, kisha ketisha gari kwenye stendi imara chini ya fremu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja.

Sasa pima. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukipotea, kosa ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni boljointi au mikono. Hapo chomeka mtaimbo chini ya mkono karibu na mrija, unyanyue taratibu. Mkono ukipanda na kushuka mahali unapoingia kwenye mrija, beringi za sindano (zenye vyuma vyembamba kama sindano) zimekwisha. Shika tena gurudumu pembeni, kushoto na kulia: mchezo wa huko hutoka kwenye tairodi endi (viungo vya ncha za fimbo za usukani), kwenye mkono wa kati wa usukani, au kwenye boksi la usukani lenyewe. Wengi huruka kipimo hiki, wakabadilisha boljointi nne, na gari likaendelea kuyumba vilevile.

Kama boljointi ndiyo imekufa, fungua gurudumu na kalipa, yaani kibanio cha breki ya diski (diski zilianza kwenye modeli ya 1971, kabla ya hapo ni ngoma). Kalipa ifunge kwa waya kwenye bimu, isining'inie kwa paipu yake ya breki, maana paipu hukatika ndani bila kuonyesha dalili nje. Vumbi la breki lifute kwa kitambaa chenye maji, usilipulize. Nati ya habu upande wa kushoto ina nyuzi za kinyume, na hapo ndipo watu huvunja vitu: hufunguka kwa kuzungusha kulia. Legeza kwanza skrubu ndogo inayoibana.

Boljointi ya juu imepitia kwenye bushi isiyo sawa kati, na bushi hiyo ndiyo inayoamua gurudumu limelala kiasi gani. Ichore alama kabla hujaigusa. Legeza nati ya boljointi bila kuitoa kabisa, funga pula (kifaa cha kuvutia boljointi itoke) mpaka ikaze, kisha gonga kwa nyundo ubavu wa kifundo kinachobeba gurudumu. Usigonge ncha yenye nyuzi.

Boljointi imeshindiliwa kwenye mkono, kwa hiyo mkono lazima utoke. Tegemeza mkono wa chini kwa jeki, toa shokapu, fungua vibano vya fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona, vilivyo kwenye mikono ya chini, kisha skrubu inayobana fito kwenye ncha ya mkono. Mkono utavutika, fito zibaki ndani. Ukilazimika kuzitoa, zifunge kwa waya kama kuni, zisibadilishane nafasi.

Futa shingo ya mkono na uipitishie kucha. Ikiwa na mifereji, hata beringi mpya ya sindano haitaiokoa, tafuta mkono mwingine. Sababu karibu kila mara ni ukosefu wa grisi: maji huingia kupitia sili iliyochoka, sindano zinapata kutu, zinachimba chuma. Weka sili mpya hata kama ya zamani inaonekana nzuri. Gerejini, presi isukume ukingo wa boljointi, si kofia yake ya mpira.

Unaporudisha, ncha ya skrubu iingie barabara kwenye kishimo cha fito. Kaza skrubu kwanza, ndipo nati. Nati za kujifunga zote ziwe mpya. Beringi ya gurudumu kaza huku ukizungusha habu, kisha legeza mpaka washa iliyo nyuma ya nati isogee kwa kuisukuma kidogo na ncha ya bisibisi. Ikiwa haisogei, umekaza mno na beringi itaungua.

Tia grisi ya lithiamu kwenye nipeli zote za mirija na ile ya mkono wa kati, magurudumu yakiwa hewani. Gari likiwa chini, uzito huziba upande unaohitaji grisi zaidi. Pampu mpaka grisi safi itokeze kwenye sili.

Kwa wenye kingi pini: pini za mikono hurekebishwa. Legeza bolti ya kubana, kaza pini mpaka mwisho, irudishe thumuni ya mzunguko, funga tena. Bushi mpya za kingi pini lazima zichongwe kwa rima (chombo cha kupanulia tundu) mpaka pini ipite kwa kusukumwa na kidole gumba. Hilo mpe fundi mwenye rima ya kipimo sahihi.

Ukibadilisha tairodi endi, hesabu mizunguko unapoitoa ili gari liweze kufika gereji. Huko warekebishe kwanza jinsi gurudumu linavyolala, ndipo wapime upana wa mbele na nyuma ya magurudumu, kwa sababu kipimo cha kwanza hubadilisha cha pili.