Kutenganisha wifi ya wageni na ya ofisi kwa swichi moja

Kama uko na gesti, kliniki ama shule hapa Kisumu na wageni wanaingia kwa wifi ileile yenye iko na kompyuta ya risiti, tenganisha leo. Mtu ukishampa hiyo paswadi, simu yake iko netiweki moja na printa, kamera na kompyuta ya pesa, na huwezi jua nani yuko na nini kwa simu.

Kwanza maneno. SSID ni jina la wifi lenye simu inaona. BSSID ni anwani ya redio yenyewe, kwa hivyo gesti ya floo tatu inaweza kuwa na SSID moja lakini BSSID tatu, simu inahama tu ukipanda ngazi. Nguvu ya signo inapimwa kwa dBm na namba ziko hasi: -50 ni poa sana, -67 video bado inaenda vizuri, -80 usitegemee.

Chaneli, yaani njia ya hewani yenye wifi inatumia, ndio watu wengi wanakosea. Kwa 2.4 GHz tumia 1, 6 ama 11 basi, juu hizo ndizo haziingiliani. Kwa ploti kama za Kondele penye kila nyumba iko na rauta, usiende chaneli 4 ati unakwepa majirani wa 1 na 6, utapigwa kelele na pande zote mbili, afadhali ukae chaneli moja na jirani mpeane zamu. 5 GHz iko na nafasi zaidi na ni fasta, lakini ukuta wa mawe unaimaliza haraka.

Sasa swichi, kile kiboksi cha kuunganisha waya za netiweki. VLAN ni kugawa swichi moja iwe kama swichi kadhaa. Poti ya aksesi inabeba VLAN moja, hiyo ni ya kompyuta. Poti ya tranki inabeba nyingi, kila pakiti na tegi yake (namba ya VLAN yake) isipokuwa za VLAN moja inaitwa native. Waya ya kuenda kwa aksesi pointi, kile kifaa cha kurusha wifi, lazima iwe kwa poti ya tranki, ukiiacha aksesi wageni wataona jina la wifi na hawatapata anwani ya netiweki (IP), na utamaliza siku ukilaumu aksesi pointi bure.

Kwa swichi ya Cisco, VLAN ya ofisi ikiwa 10 na ya wageni 20, aksesi pointi ikiwa poti ya 5:

enable
configure terminal
vlan 10
name OFISI
vlan 20
name WAGENI
interface gi0/5
switchport mode trunk
switchport trunk native vlan 10
switchport trunk allowed vlan 10,20
end

Swichi zingine za zamani zitakataa hiyo tranki mpaka uanze na switchport trunk encapsulation dot1q. Poti ya kuenda kwa rauta iseti hivyo hivyo. Poti za kompyuta: switchport mode access, halafu switchport access vlan 10. Kwa aksesi pointi, SSID ya ofisi iache bila VLAN, ya wageni iandikie 20. Angalia kazi yako na show vlan brief na show interfaces trunk, kisha andika copy running-config startup-config, tafadhali usiruke hii, kwa sababu stima ikipotea tu kama kawaida yake na hukuseivu, mipangilio ya poti zako imeenda.

Bado hujamaliza. Rauta ndiyo inagawa anwani, kwa hivyo ipatie VLAN 20 anwani zake, tuseme rauta iwe 192.168.20.1, na DHCP yake (ya kugawia simu anwani), halafu weka sheria ya fayawo (firewall, ukuta wa kuzuia) inakataza 20 kufikia 10. Bila hiyo sheria rauta itaunganisha tena kile swichi imetenganisha. Vile viboksi vidogo vya kupewa na kampuni ya intaneti vingi havijui VLAN, tafuta rauta inayojua, MikroTik ndogo inatosha.

Waya isizidi mita 100, na usiipitishe nje kwa mabati hivi hivi, radi ya huku haichezi, kati ya majengo mawili tumia faiba.

Mwisho ingia wifi ya wageni na simu: anwani yako ianze na 192.168.20, intaneti ifunguke, lakini ukiandika anwani ya printa ya ofisi kwa brausa isifunguke kabisa. Ikifunguka, rudi kwa hiyo fayawo.