Kabla Hujahamia Flatbush

Wengi wanaotafuta nyumba New York huuliza kwanza kituo cha treni kiko umbali gani. Kwa Flatbush, katikati ya Brooklyn, mimi ningeanza na swali jingine: unahamia kwa nani? Mtaa huu una wenyewe. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1965 ilipofuta mgawo wa wahamiaji kwa kila taifa, watu wa Jamaika, Trinidad, Barbados, Guyana, Grenada na Haiti walifika kwa wingi, wakapanga na kununua nyumba, wakafungua maduka na makanisa kwenye mitaa ambayo Wazungu wengi walikuwa wanaihama. Tangu 2017 sehemu hii imetambuliwa kwa jina la Little Caribbean. Usimwite kila unayekutana naye Mjamaika. Mhaiti ana Kreyol yake, na hata ukiwa umetoka Bujumbura au Bukavu na Kifaransa chako kizuri, usidhani lugha ni ileile.

Nenda uone mtaa kabla ya kuona chumba. Shuka Church Avenue Jumamosi jioni, utembee hadi Nostrand. Utakuta mihogo na viazi vikuu vimepangwa kwenye makreti nje ya maduka, muuza madafu ana panga mkononi, spika iko mlangoni pa duka na magari yana bendera ndogo ya kisiwa kwenye kioo. Rudi Jumapili asubuhi, wakati akina mama wanapita na kofia zao za kanisani. Rudi tena usiku wa katikati ya wiki. Kama kelele zinakuumiza, ni bora ulijue hilo sasa kuliko uhamie halafu uanze kuwapigia polisi simu kwa ajili ya muziki uliokuwepo kabla yako. Nimeona mambo hayo yakitokea, na yanaumiza.

Suala la kodi linastahili nafasi kubwa kwa sababu ndilo linaloamua nani anabaki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni asiyejua haki zake analipa bei yoyote anayotajiwa, na bei hiyo ndiyo anayoonyeshwa jirani aliyekaa miaka thelathini. Majengo mengi ya hapa yalijengwa kabla ya 1974 na yana nyumba sita au zaidi, kwa hiyo mengi yako chini ya udhibiti wa kodi, ule ambao watu wa huku wanauita rent stabilized. Nyongeza ya kodi hupangwa na bodi ya jiji kila mwaka, na mpangaji ana haki ya kuongezewa mkataba wa mwaka mmoja au miwili. Kabla ya kusaini, uliza waziwazi kama nyumba iko chini ya mpango huo. Ikiwa ipo, mkataba lazima uambatane na karatasi ya haki za mpangaji inayoonyesha pia kodi ya aliyekutangulia. Ukishapata funguo, omba historia ya kodi kutoka idara ya nyumba ya jimbo, hailipiwi. Yangu ilikuja kwa posta kwenye bahasha nyembamba. Nikaisoma nimesimama jikoni: kodi ilikuwa inapanda kidogo kidogo kwa miaka, kisha mwaka mmoja ikaruka bila maelezo yoyote. Mwenye nyumba hakuwa amenitajia chochote. Ilichukua miezi, lakini kodi ilishuka.

Kwenye pesa za mwanzo, shika haya. Amana haiwezi kuzidi kodi ya mwezi mmoja. Ada ya kuchunguza maombi yako haizidi dola 20. Na tangu Juni 2025, aliyemweka dalali ndiye anayemlipa, kwa hiyo dalali wa mwenye nyumba hana haki ya kukudai wewe. Wenye nyumba wengi hutaka kipato cha mwaka kiwe mara 40 ya kodi ya mwezi. Kama hufiki, tafuta mdhamini mapema. Ukiambiwa utume pesa kabla hujaingia ndani ya nyumba kwa miguu yako, achana nayo.

Ukiwa ndani, gusa rediata, fungua bomba la maji moto, chungulia chini ya sinki kama kuna kinyesi cha panya. Kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31 mwenye nyumba analazimika kukupa joto: mchana, nje kukishuka chini ya nyuzi 13, ndani kusipungue 20, usiku kusipungue 17. Joto likikatika piga 311, namba ya huduma za jiji, na uombe mkalimani kama Kiingereza kinakukwaza. Angalia pia dirisha la nyuma, maana treni ya Q hapa inapita nje, kwenye mtaro mpana ulio wazi juu, na baadhi ya nyumba zimeipa mgongo kwa karibu sana.

Treni ya B haitembei wikendi, jambo ambalo dalali hatakwambia. Kwenye Flatbush Avenue kuna vibasi vinavyoitwa dollar van, vilivyoshamiri tangu mgomo wa usafiri wa 1980. Vinapiga honi, unanyoosha mkono, unalipa taslimu. Aliyezoea daladala au matatu hahitaji maelezo zaidi.

Chakula hakitakusumbua. Wali wao na maharage unapikwa kwa nazi. Callaloo ya Kijamaika ni mchicha wetu. Roti ya Trinidad na Guyana ni ndugu wa chapati, ililetwa na Wahindi waliosafirishwa kufanya kazi mashambani baada ya utumwa kufutwa, na huja na mchuzi umekunjiwa ndani. Asubuhi ya baridi nunua pati ya nyama, ganda lake la manjano likipukutika, ndani ya coco bread ya moto, mkate laini uliokunjwa. Ukitaka nyama halali, Coney Island Avenue ina maduka ya Wapakistani.

Jambo moja dogo lina uzito sana: ukiingia dukani, salamu kwanza. "Good morning," kwa sauti, kwa wote waliomo, ndipo uulize bei. Mama mmoja wa Barbados alinitazama kimya nilipoanza na "kiasi gani?" Akasubiri. Nikasalimia, akatabasamu, akanihudumia. Niliona aibu, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna anayeingia bila hodi.

Mwisho, tazama kalenda. Jumatatu ya kwanza ya Septemba ni karnivali ya West Indies kwenye Eastern Parkway, kaskazini kidogo ya Flatbush. J'Ouvert, sherehe inayofungua siku hiyo, huanza saa kumi na mbili alfajiri, watu wamejipaka rangi na unga, ngoma za chuma zikilia, na barabara nyingi hufungwa. Mikataba mingi ya nyumba huanza Septemba 1. Hamisha mizigo yako katikati ya wiki, mbali na wikendi hiyo, maana lori halitapita.